Nilivyompima Taban kwa Saa

Mvara, Arua

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naiandika na mara ya pili, shikamoo, kwa ajili ya miezi minne ambayo hukupata hata mstari mmoja kutoka kwangu. Najua utasema simu zilikuwa zinaingia. Kweli zilikuwa zinaingia, lakini wewe na mimi kwenye simu ni kupiga kelele tu, "Unanisikia? Mimi nakusikia!", mpaka salio linakatika na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Ninalotaka kukueleza leo halitaki kelele. Barua hii inaletwa na mwenzangu wa kazi anayepitia Morogoro, naye ataikabidhi kwa Dada Mwajuma pale stendi. Dada, msomee Mama taratibu, na ukifika mahali pa aibu yangu usiruke.

Magoti yanaendeleaje, Mama? Bado unajifanya umepona ukiona mtu anakuja na chupa ya dawa ya kuchua? Na mahindi ya kule bondeni yameota, au nguruwe pori wameshatangulia kuyaonja? Mimi ni mzima, alhamdulillah. Nimenenepa kidogo. Watu wa huku wanaweka ufuta uliosagwa karibu katika kila mboga, na mimi sijui kukataa sahani, unanijua.

Kabla sijafika mbali nikuambie moja kwa moja, usije ukalisikia kwa mtu: kuna mtu nimemkosea. Anaitwa Taban, ni mfungwa katika gereza ninalofanyia kazi. Kwa sababu yangu alikosa gari la kumpeleka gereza la Koboko, karibu na mama yake. Mama yake ni mtu mzima kuliko wewe, hana miguu ya kufika Arua, na alikuwa hajamtia mwanawe machoni kwa miaka minne. Nimejaribu kulitengeneza. Utaniambia mwenyewe kama nimelitengeneza au nimelipaka rangi tu.

Nasikia huwa unawaambia majirani kwamba mwanao anafundisha wafungwa Uganda. Usiwaambie hivyo tena, Mama, utanitia deni la sifa. Wanaofundisha ni wengine. Kuna darasa hapa gerezani ambalo wafungwa wenyewe wamelipa jina la Simama Kwanza. Wanakaa kwenye mabenchi chini ya banda la mabati na sare zao za njano, wanafundishwa kusimama kabla ya kutenda: uone kilichotokea, ufikirie, uchague, ndipo mkono uinuke au usiinuke. Wengi wamefungwa kwa jambo lililochukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu. Mimi kazi yangu ni kuja kabla ya darasa, na tena baada ya mwalimu, kupima kama hilo darasa limeingia kichwani au limepita tu masikioni.

Waliniajiri kwa sababu ya mdomo wangu. Gerezani kuna Walugbara, Wakakwa, Waalur, Wamadi, Wakongo, na wote wanaelewana kwa Kiswahili, Kiswahili cha jeshi na cha biashara, kinachotembea peku, ambamo "nakwenda" ni mimi, ni wewe, na ni yeye pia. Daktari, mkuu wetu wa utafiti anayekaa Kampala, akasema anataka mtu aliyezaliwa ndani ya Kiswahili. Nikatoka Kilosa na begi la kuazima nikijiona mtu wa maana sana. Mama, ungeniona siku ile ungenivuta sikio.

Kipimo chenyewe ni hivi. Namkalisha mtu mmoja mmoja mbele yangu, namsomea visa kumi na viwili vifupi. "Umesimama kwenye foleni ya posho. Aliye nyuma yako anakukanyaga mguu, haombi radhi. Utafanya nini?" Nikimaliza neno la mwisho nabonyeza saa. Akifungua mdomo nabonyeza tena. Halafu naandika jibu lake, na pembeni naandika sekunde. Anayejibu papo hapo hapati kitu, hata akisema maneno ya malaika, maana kipimo kinasema huyo hakufikiri, amerusha tu. Anayekaa kimya kwanza anapata alama. Akikaa zaidi anapata zaidi.

Sasa nikueleze kuhusu huo ukimya, maana ndimo nilimoishi kwa miezi hii yote. Asubuhi natoka Mvara kwa bodaboda, na wakati wa kiangazi moshi wa nyasi zinazochomwa mashambani unakuwa umetanda juu ya mji, jua linachomoza ndani yake jekundu, unaweza kulitazama bila kufumba macho. Watoto wa shule wanapita pembeni na fagio mkononi. Naingia gerezani, nakaa kwenye meza yangu karibu na dirisha, mtu anakaa, nasoma kisa, nabonyeza saa, halafu kinakuja kimya. Mtu mzima aliyeketi mbele yako anatazama chini, midomo inacheza kidogo, na wewe huruhusiwi kusema wala kukohoa. Nje wenzake wanalima, unasikia majembe yanashuka pamoja. Vumbi linaelea kwenye mwanga wa dirisha, linapanda badala ya kushuka. Na mimi naondoka, Mama. Mkono umebaki kwenye saa, mwenyewe niko Kilosa. Nakuona umeketi na ungo, unachambua mchele, nimekuuliza jambo na wewe hujanijibu, unatoa jiwe, unatoa pumba, unapeperusha, na mimi nasimama mlangoni nikiwa na miaka tisa nikingoja useme kama naweza kwenda mtoni. Mara yule mtu anasema, "Naita askari," nami nashtuka narudi Arua, nabonyeza, naandika.

Siku nyingine nilikuwa natoka gerezani jioni sijui kama nimefanya kazi au nimelala macho wazi. Nilikuwa nawapenda wale wenye kimya kirefu. Nilidhani nasikia mawazo yao yakitembea.

Taban hakunipa hata nusu ya safari ya Kilosa. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, ana kovu kwenye kidevu, na anaongea kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Baba yake alikuwa askari, amekulia kambini, halafu akawa utingo wa malori yanayovuka Vurra kwenda Kongo. Pale Vurra, kwenye mstari wa malori yanayongoja forodha, aligombana na utingo mwenzake juu ya nani yuko mbele, akamrushia spana. Yule mtu akapoteza jicho. Taban hakatai. Alinieleza siku ya kwanza bila kuulizwa, "Mimi nilifanya. Mukono ilikwenda mbele, mimi nilibaki nyuma."

Ndiyo maana alilipenda darasa. Mwalimu aliniambia hakuna aliyekuwa akiuliza maswali kama Taban. Lakini nilipomsomea kile kisa cha foleni ya posho, sijafika hata mwisho akajibu, "Naacha yeye. Mguu itapona, kifungo hapana."

Sekunde moja.

Nikamsomea kingine, mtu amekuibia sabuni. "Nauliza kwanza. Pengine si yeye." Sekunde moja na kidogo. Visa kumi na viwili, majibu kumi na mawili ya kupendeza, na kwenye safu ya sekunde sikuwa na cha kuandika. Nilimhurumia, Mama, huruma ya mtu aliyekaa juu. Nikajisemea, masikini, ameyakariri. Nikampa alama za chini kuliko karibu wote.

Alama hizo zilikuwa na kazi. Ilikubaliwa kwamba darasa linapoanzishwa gereza la Koboko, wafungwa kumi waliofanya vizuri hapa wahamishiwe kule wasaidie kufundisha. Kwa wengine ilikuwa ni kubadilisha ukuta. Kwa Taban ilikuwa ni mama yake. Kwao ni Kuluba, kijijini, karibu na Koboko, na mama yake anaweza kufika Koboko kwa bodaboda hata akiwa na miguu mibovu. Ndugu zake walishamwambia mama kwamba Taban yumo. Yeye mwenyewe aliwaambia. Hakuwa na shaka, na kwa nini awe nayo? Mwalimu alimsifu kila wiki.

Orodha ilipobandikwa hakuwemo. Alikuja mpaka kwenye meza yangu, akasimama, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu upesi. Akaniuliza tu, maana huku hata mimi wananiita mwalimu, "Mwalimu, mimi nilijibu mubaya?" Nikamwambia hukujibu vibaya, ulijibu haraka. Akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akatoka. Gari la kwanza likaondoka na watu kumi.

Sasa uone lilivyonijia. Hapa gerezani kuna ofisa wa ustawi, mama mmoja Mlugbara, Afande Candiru. Ni mnene, mcheshi, ana sauti ya kuita ng'ombe, na wafungwa wanamwogopa kama shangazi. Tangu nimefika ameapa kunifundisha Kilugbara, kwa hiyo kila asubuhi getini ananisalimia kwa lugha yake na haniachii kupita mpaka niitikie. Salamu za kwanza nilizimudu. Asubuhi hiyo, wiki moja baada ya gari kuondoka, aliongeza swali jipya, refu. Nikasimama. Nikalichukua neno la kwanza, nikaliweka chini, nikachukua la pili. Nikatafuta jibu kwa Kiswahili, nikalikatakata, nikaanza kulitafutia vipande vya Kilugbara. Alikuwa ameniuliza kama nimekunywa chai! Afande alinitazama nikihangaika, akapiga makofi akacheka mpaka kofia ikasogea.

"Mwalimu, wewe iko nafikiri sana!" akasema. "Piga saa yako! Leo umepata alama yote!"

Nikacheka naye. Nikapita geti, nikatembea kama hatua kumi hivi. Halafu nikasimama katikati ya uwanja, na jua lote kichwani.

Sikumwita mtu yeyote ndani siku hiyo. Nilizitoa fomu zote kabatini nikazipanga sakafuni, huku wenye kimya kirefu, huku wenye haraka. Wenye kimya walikuwa wakulima wa vijijini, watu ambao Kiswahili wanakichukua wakija sokoni na kukiacha huko huko. Wenye haraka walikuwa watoto wa kambini, utingo, madobi na wachuuzi wa mjini Arua na Koboko, watu wanaoota kwa Kiswahili. Nikatoa na fomu za mwanzo, zile za kabla ya darasa, ambazo nilikuwa sijazilinganisha kwa sababu Daktari alikuwa na haraka ya orodha. Walionyamaza walikuwa wale wale. Waliojibu upesi walikuwa wale wale. Ule ukimya mzuri nilioupenda, Mama, ambamo nilikuwa nakwenda kukutazama wewe na ungo wako, haukuwa busara iliyoletwa na darasa. Walikuwa wananitafsiri. Wanalibeba swali langu kutoka Kiswahili kwenda kwao, wanajibu huko, wanalirudisha. Nilipima ni nani aliyezaliwa mbali na lugha yangu, nikaita hiyo ni hekima. Na Taban, ambaye nilikuwa namwelewa kuliko wote kwa sababu anaongea karibu kama mimi, nikamnyima gari kwa kosa la kunielewa.

Nilikaa pale sakafuni nimeshika kichwa. Nilitaka kulia na nilitaka pia kukimbia, nikanunue tiketi ya basi nirudi nyumbani bila kumuaga mtu.

Nikampigia Daktari. Nikaeleza polepole, yeye akasikiliza mpaka mwisho, nisiseme uongo, ni mtu wa kusikiliza. Halafu akasema, "Hamza, kipimo hiki kimetumika nchi nyingi."

"Najua, Daktari. Hapa kimepima Kiswahili."

"Ripoti inangojwa. Unataka tuwaambie waliotutuma kwamba hatujui kama darasa linafaa?"

"Ndiyo, maana hatujui."

Akanyamaza. Safari hiyo sikutoka kwenda popote, nilikuwa pale pale na jasho langu. Akasema, "Fanya unavyoona. Lakini ukiandika hivyo, sitakuwa na hoja ya kukuongezea mkataba." Hakulisema kwa ubaya. Nilijua pia kwamba ni kweli, na nilijua ulivyokuwa unawahesabia watu wa nyumbani kwamba nitakaa huku mwaka mwingine. Nilikata simu nikakaa na hilo siku mbili nzima. Nakuambia siku mbili kwa sababu sitaki ufikiri niliamua mara moja kama shujaa. Siku ya kwanza nilikuwa naelekea kunyamaza. Nilijiambia, mtu mmoja tu, na gari limeshaondoka.

Siku ya tatu nilikwenda ofisini kwa Afande Candiru nikamwambia yote, na jinsi utani wake ulivyonifungua macho. Hakucheka. Akasema, "Taban nalima vizuri tu, kama hakuna kitu imefika. Lakini hapana kula vizuri. Mimi nilifikiri tumbo." Halafu akafungua daftari lake. "Iko gari ya pili. Sisi tutauliza yeye tena. Hiyo saa yako, wacha nyumbani."

Akamwita askari mmoja wa makamo, Mkakwa wa Koboko, aulize kwa Kikakwa, lugha ya mama yake Taban. Mimi nilikaa kwenye kona, bila saa, bila fomu, nikiwa sina kazi yoyote chumbani mule. Askari hakuuliza visa vya foleni wala sabuni. Afande ndiye aliyechagua swali, na lilikuwa moja tu: ukitoka, ukakutana njiani na yule mtu uliyemtoa jicho, utafanya nini?

Taban alifungua mdomo kama kawaida yake. Halafu akaufunga. Alitazama mikono yake, akaigeuza. Nje majembe yalikuwa yanashuka, tik, tik, na vumbi lilikuwa linaelea kwenye mwanga vile vile, lakini sikuthubutu kulifuata. Nilimtazama yeye tu. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuandika, na macho yake yalikuwa yamejaa. Mwishowe alisema maneno machache kwa Kikakwa, chini chini. Askari akatufasiria: "Nasema hapana jua. Nasema kila siku iko nafikiri hiyo mutu, na bado hapana jua."

Kwenye fomu zangu, Mama, "sijui" ni sifuri. Afande Candiru alifunga daftari. "Huyu nakwenda," akasema.

Unaweza kudhani imeishia hapo, na mimi nilidhani hivyo. Gari la pili liliondoka baada ya wiki mbili na Taban akiwa ndani, amenyoa, amekunja shati la kiraia aliloazimwa kwa ajili ya siku ya kutembelewa. Mimi nikabaki Arua nikiandika ripoti. Niliandika ukurasa mzima kwa mkono wangu nikaeleza tulichokosea, na mwisho nikaweka kwamba kama darasa la Simama Kwanza linafaa au halifai, bado hatujui, na wapimwe upya kila mtu kwa lugha ya kwao. Nikautuma. Daktari alinijibu kwa mstari mmoja, kwamba nimalize mwezi.

Wiki moja baadaye Afande Candiru akanipigia. Taban yuko Koboko lakini mama yake haji. Wamempelekea habari mara tatu, anajibu kwamba yeye alishakwenda. Na kweli alishakwenda, Mama, hili ndilo sikulijua. Siku lile gari la kwanza lilipofika Koboko, lile ambalo nilimtoa mwanawe, yeye alikuwa ameshafika getini tangu asubuhi na kifurushi cha karanga. Alikaa chini akawatazama wanashuka mmoja mmoja mpaka wa kumi. Hakuna aliyemwambia kitu, maana hakuna aliyejua anamngoja nani. Akarudi nyumbani akawaambia watu kwamba mwanawe amekufa na serikali inaficha, au yuko hai na hamtaki. Kati ya hayo mawili hakuwa amechagua.

Nikapanda gari kwenda Koboko, na kutoka Koboko bodaboda mpaka Kuluba. Njia ni nyekundu, inapita kati ya mashamba ya mihogo na ufuta, na siku hiyo mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, kila kitu kimeoshwa, mpaka milima ya upande wa Kongo inaonekana imesogea. Nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno yangu njia nzima. Nilipofika yalikuwa yameisha.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anamenya karanga. Anaitwa Mama Kiden, kwa jina la binti yake wa kwanza. Ni mdogo wa umbo, ameuza karanga soko la Koboko miaka mingi kwa hiyo Kiswahili anacho. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamwambia natoka gerezani Arua. Hakuacha kumenya.

"Mimi nilienda," akasema. "Nilikaa pale. Watu nashuka, nashuka, mutoto yangu hapana."

"Mama, alikuwa aje siku ile. Kuna mtu alikosea hesabu yake, akamwacha nyuma. Sasa amekuja. Yuko Koboko."

"Nani alikosea?"

Ningeweza kusema ofisi. Ningeweza kusema kipimo. "Mimi," nikasema. "Ni mimi niliyekosea."

Hapo aliacha kumenya. Akanitazama, akanitazama sana, na mimi sikujua ninaangaliwa na mama wa Taban au na wewe, kwa jinsi alivyokuwa hana haraka. Maganda yalikuwa yanapeperuka kidogo kwenye mkeka. Kuku alikuja akadonoa akaondoka. Kisha akajishika magoti, akainuka kwa shida, akaingia ndani. Nikafikiri basi, amemaliza na mimi. Akatoka amejifunga kitambaa kingine kichwani na kifurushi mkononi.

"Basi wewe ndiyo utapeleka mimi," akasema. "Nakwenda."

Tulipanda mshikaki, Mama, kama mnavyokatazwa huko nyumbani: dereva mbele, Mama Kiden katikati, mimi nyuma nimemzuia asianguke, na kifurushi cha karanga kwenye mapaja yake. Alikuwa mwepesi ajabu. Njia nzima, kila tulipokutana na bonde aliniambia, "Shika," na mimi nilikuwa nimeshashika.

Walikutanishwa kwenye benchi la wageni, na askari amesimama pembeni akijifanya anatazama kwingine. Taban alikuja na lile shati la kuazima. Nilidhani atalia, au mama atalia. Mama Kiden alimshika sikio, mtu mrefu vile, akamwinamisha, akamgeuza shingo kulia na kushoto akimkagua nyuma ya masikio kama anaoga vizuri. Naye akageuzwa, akatulia. Kisha mama akamwachia, akafungua kifurushi, wakaanza kula. Mimi nikatoka nje.

Hayo ndiyo niliyotaka kukueleza. Mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwezi na haukuongezwa, kwa hiyo nakuja. Usiniandalie chochote, na majirani wakiuliza kwa nini mwanao amerudi mapema, waambie ukweli wala usiupunguze. Kama umesikitika, nisamehe. Mimi mwenyewe nasikitika kidogo, maana nimeuzoea mji huu na moshi wake na Afande wake getini. Ila nakosa sauti yako mpaka naumwa, na hilo halina mkataba.

Nisalimie Dada Mwajuma anayekusomea, na mumewe fundi baiskeli, umwambie nimempatia pampu. Nisalimie mjomba wa mashine ya kusaga, na bibi mwenye duka aliyenikopesha begi la safari, nitalirudisha zima. Nisalimie mwalimu wangu wa madrasa, na watoto wote wa shangazi bila kumruka yule mtundu.

Salamu za mwisho nimezibeba kwa niaba ya mwingine. Siku ile nilipomsindikiza Mama Kiden kurudi kwenye bodaboda, alinishika mkono akaniuliza kama nina mama. Nikasema ninaye, yuko Tanzania. "Najua wewe iko huku nafanya nini?" Nikasema anajua kidogo. Akatikisa kichwa. "Andika yeye," akaniagiza. "Sema, mutoto yako alikosea mimi. Sema, alikuja mwenyewe mupaka nyumbani kwangu, akasema ni yeye. Sema, mama ya Taban nasalimia mama yako."

Anakusalimu, Mama.

Mwanao,
Hamza